Chai Aliyomwaga Sista Hana

Wiki jana mjini nilimkuta fundi akikata kitenge kipya, na harufu ya kitambaa ikanirudisha kwenye ukumbi wa kanisa ambapo mama yangu na wenzake walishona mikoba. Kikundi hicho kiliendeshwa na Sista Hana, mmisionari kutoka ng'ambo.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, mvua ilipiga mabati. Mume wa Anti Salina akaingia na fimbo, akinuka pombe.

"Bibi yangu ako wapi?"

Anti Salina, mshonaji mwenzake mama, ambaye alikuja asubuhi na jicho limevimba, alikuwa chumba cha nyuma akipanga nyuzi.

"Karibu chai, Mzee," Sista akasema, akimvutia kiti.

Mama yangu akaenda nyuma polepole. Wengine wakaanza kuimba, mashine zikilia kwa kelele kuliko kawaida. Mimi niliona wivu tu: huyu mgeni alikuwa nani hata apewe mandazi yote? Sista alipommiminia, mkono ulitetemeka na chai ikamwagika.

"Sista anasikia baridi," nilimwambia mama aliporudi, amelowa, bila sweta yake.

"Nyamaza. Imba."

Nikaimba kwa nguvu zangu zote.

Sasa najua kwamba tulipokuwa tukiimba, Anti Salina alikuwa amepanda gari la maziwa kwenda kwa kaka yake kule Ziwa. Hakurudi tena kwa mume huyo.

Yule mwanamume alipochoka kungoja akaondoka, Sista Hana alifunga mlango, akaketi sakafuni na kulia kama mtoto. Akina mama wakaacha mashine, wakaketi naye.