Ubeti Uliotangulia Kwaya

Hebu mwone anavyokuja. Ni Jumamosi alasiri, jua la Ulyankulu bado kali, na mama mmoja mwenye kitenge cha bluu anafuata njia ya vumbi kuelekea ghala la zamani la tumbaku. Akifika kwenye kona haingii. Anasimama ubavuni mwa ukuta, anatega sikio, anahesabu sauti zilizomo ndani. Akiridhika, ndipo anausukuma mlango, tena kwa kidole kimoja. Huyo ni Apolinaria Manirakiza, kiongozi wa sauti ya pili katika Kwaya ya Mapatano.

Usimcheke, ndugu yangu. Mwaka sabini na mbili alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, na mama huyo alimlea kwa mafundisho mawili: usimtajie mtu jina lako kabla hajakutajia lake, na usiupe mlango mgongo. Leo Apolinaria ana cheti cha uraia wa Tanzania ndani ya sanduku la bati. Lakini malezi hayasomi vyeti. Hata kanisani huketi upande upande, mlango akiuona kwa pembe ya jicho.

Kwaya yao si ya kanisa moja. Wamo Wakatoliki kama yeye, wamo Wamoraviani, wamo na Wanyamwezi wa vijiji vya jirani. Huimba amani, ila si ile amani ya kupepea vitambaa tu. Kila wimbo wao una ubeti mmoja wanaouita ubeti wa kisa. Humo huweka dhuluma iliyotendeka kijijini. Jina halitajwi, ila mambo yanaelezwa hivi kwamba mtendaji anajijua, na jirani zake wanamjua.

Kwa hiyo ubeti huo hauandikwi popote. Mwalimu wao, Amon, huwafundisha tuni kwa wiki tatu wakiimba la-la-la. Maneno huyatoa siku nne tu kabla ya kuimba, mlango umefungwa. Atakayeyatoa nje kabla ya siku hukaa nje ya kwaya mavuno mawili. Sheria hiyo aliipendekeza Apolinaria mwenyewe, na waliopinga aliwatazama kwa muda mrefu.

Safari hii kisa kilikuwa cha Dafrosa, mjane. Shamba lake limepakana na la Jonasi, na mpaka wao ni mstari wa minyaa, ile miti ya utomvu mweupe. Mume wa Dafrosa alipofariki, minyaa ikaanza kusogea. Kila msimu wa mvua, hatua mbili, hatua tatu, kuingia kwa mjane. Ushahidi aliokuwa nao ni mmoja: mashimo ya mashina ya zamani, yaliyobaki kwa mstari mnyoofu upande wa Jonasi. Basi kwaya ikapanga kuimba mbele ya baraza la ardhi la kijiji, wazee watoke kwenye wimbo waende moja kwa moja shambani.

Jumatano wakaimba:

*Minyaa ya marehemu imeota miguu,*
*imetembea bila kuaga;*
*mashimo yake yako palepale,*
*twendeni tukayaulize.*

Watu wakainuka, wakaenda. Wakakuta nini? Matuta mapya, udongo bado mbichi, maharage yamepandwa toka mwanzo hadi mwisho. Shimo hata moja hakuna. Jonasi ameegemea jembe lake.

"Karibuni, wageni," akasema. "Mvua imenyesha, mlitaka nilale?"

Wengine wakacheka. Dafrosa hakucheka. Baraza likampa wiki moja alete ushahidi mwingine, la sivyo shauri lifungwe na kile kipande kibaki kwa Jonasi.

Sasa unaelewa kwa nini Jumamosi hii Apolinaria ameingia na uso uliokunjamana. Hakungoja hata sala.

"Kuna mtu humu ndani mdomo wake una mlango wa uani."

"Mtaje, mama," akasema Mwalimu Amon.

"Eliya."

Eliya ni mwimbaji wa besi, mtu mrefu, mpole, Mmoraviani kama Jonasi. Akavua kofia.

"Mimi tena, Mama Apolinaria?"

"Wewe. Jumapili ile, siku moja baada ya kupewa maneno, ulikaa barazani kwa Jonasi mpaka jua likainama. Nilikuona."

"Ulikuwa unapita au ulikuwa unachungulia?"

"Nilikuwa napita polepole."

Ghala zima likacheka, na Eliya naye. "Nilikwenda kuazima plau, mama."

"Plau ya saa tatu nzima? Mlikuwa mnalima baraza?"

Wakacheka tena, lakini hiki kilikuwa kicheko kingine. Macho yalikuwa yameanza kumhama Eliya. Mwalimu Amon akamwomba akae kando mpaka jambo lijulikane. Eliya akavaa kofia yake taratibu. "Sawa. Ila nina watoto, na watoto wana masikio; watasikia baba yao anavyoitwa," akasema, akatoka. Siku hiyo waliimba bila besi ya maana, wimbo ukawa mwepesi kama uji.

Jumatatu Apolinaria alikwenda kisimani. Hapa nikueleze kitu: sauti ya pili ni ngumu kushika, maana ya kwanza huivuta kama mbuzi anayevutwa sokoni. Apolinaria huishika kwa mikono. Akitwanga anaimba, akipalilia anaimba, chini kwa chini, pigo kwa pigo. Basi akashika mpini wa kisima, akasukuma, maji yakaja, na katikati ya kusukuma akalisikia neno likitoka kinywani mwake: *mashimo yake yako palepale.*

Mpini ukasimama.

Jumatatu iliyopita alikuwa hapo hapo, kwenye mpini huo huo. Nyuma yake alikuwapo Stela, mkamwana wa Jonasi. Aliing'ang'ania ndoo yake, akateka nusu, akaaga, akaenda haraka. Siku ile Apolinaria alijisemea, wakamwana wa siku hizi wavivu. Leo akajiuliza: nani hutembea nusu saa kufuata nusu ndoo?

Hakukubali upesi. Aliyezoea kuwashuku wenziwe, akijishuku yeye hutafuta pa kutokea. Huenda binti alikuwa anaumwa. Huenda Eliya alisema kweli, na Stela hakusikia kitu. Jumanne akamvizia kwenye mashine ya kusaga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Juma lililopita ulitoka kisimani na nusu ndoo. Uliugua?"

Stela hakuinua macho kutoka kwenye unga wake. Akafunga mfuko, akalikaza fundo.

"Mama," akasema, "unaimba vizuri sana."

Akajitwika, akaenda zake.

Apolinaria hakula siku hiyo. Akinyamaza, shauri litafungwa, Dafrosa atapoteza kipande chake na Eliya atabaki msaliti. Akisema, baraza litajua kwamba ubeti ulifika nyumbani kwa Jonasi Jumatatu, na Jumanne yake mashimo yakawa chini ya maharage. Asiye na hatia anakimbilia nini? Lakini akisema, sheria yake mwenyewe itamtoa kwenye kwaya mavuno mawili. Na Stela je, atalala vipi katika nyumba ya baba mkwe wake?

Jumatano baraza likakaa katika darasa la shule. Jonasi mbele, mguu juu ya mguu. Dafrosa kaweka mikono mapajani. Eliya hakuingia, alisimama nje ya dirisha. Stela ukutani, nyuma kabisa.

"Kama hakuna ushahidi mwingine," akasema mwenyekiti wa baraza, "tunafunga."

Apolinaria akasimama.

Kumbe mazoea hayana adabu. Kiongozi wa sauti akisimama, sauti yake husimama. Nyuma yake akina mama wanane wa sauti ya pili wakainuka wote, wakaweka vitenge sawa, mmoja tayari anakohoa kusafisha koo. Nyuso zikageuka. Jonasi akashusha mguu.

Mwenyekiti akavua miwani. "Mama Apolinaria, kwaya haimo katika ratiba ya leo. Umesimama kuimba au kusema?"

Nawe uliyefuatana naye mpaka hapa, ungekuwa ndiye uliyesimama pale, na wale wanane wanangoja uwape sauti, ungemjibu nini?