Baiskeli Yangu kwa Darubini

Mama aliniita kiguu na njia, na hakunisingizia. Miaka ile ya hamsini nilikuwa kijana wa Garsen nisiyeweza kukaa kwenye kigoda hadi chai ikapoa. Nilikuwa na baiskeli, na nilikuwa na ahadi ya kazi bandarini Mombasa. Kilichonizuia ni macho ya baba.

Baba ndiye aliyekitazamia kilimia kwa niaba ya majirani wote. Kilimia ni kile kishada cha nyota ndogo, sita kwa jicho la mtu, tulizozihesabu tangu utotoni. Kikianza kuinamia magharibi mara tu baada ya jua kutua, mpunga uwe umekwisha kuingia ardhini kabla mto haujapanda. Kauli ilikuwa ya baba, naye hakutangaza mpaka akione mwenyewe. Lakini mtoto wa jicho alikuwa amemwingia, na kwa misimu miwili ni mimi niliyemnong'oneza kilipofika. Mwana pekee ambaye ndiye macho ya baba yake haendi Mombasa. Hakuna aliyeniambia hivyo, na ndiyo maana nilikereka zaidi: sikuwa na wa kugombana naye.

Ndipo nikasikia kwamba Msomali mwenye duka karibu na kivuko anauza darubini za macho mawili. Nikajiambia, ikiwa nyota ziko mbali na jicho la baba, basi tuzisogeze. Sikujua kuwa jicho lenye ukungu si suala la umbali.

Darubini zilikuwa mbili. Moja ilikuwa nyembamba, inang'aa, imeandikwa kumi na mbili kwa arobaini, yaani hukuza mara kumi na mbili na upana wa kioo cha mbele ni milimita arobaini. Nyingine ilikuwa nyeusi, nzito, rangi imebanduka, mali ya askari mmoja wa vita, nayo imeandikwa saba kwa hamsini.

"Chukua hii kumi na mbili," mwenye duka alisema. "Namba kubwa, nguvu kubwa. Ile saba ya wazee."

"Na mimi namtafutia mzee."

"Basi mzee pia anataka nguvu!"

Mchana ule alionekana kusema kweli. Ng'ambo ya mto ng'ombe wa Waorma walikuwa wakinywa maji, na kwa ile ya kumi na mbili niliona hadi nzi machoni mwa ndama. Kwa ile ya saba ndama alikuwa ndama tu. Ningeichukua ile inayong'aa nikaenda zangu, ila roho haikutulia. Nikabaki barazani nikizibadilisha, hii, ile, tena hii, mpaka jua likatua na mwenye duka akaanza kufunga milango huku akiguna.

Nyota zilipotoka, kumi na mbili ikaniumbua. Kila moyo wangu ulipopiga, nyota zilirukaruka. Nikaegemeza viwiko kwenye nguzo, bado zikacheza. Ile ya saba ilitulia hata mikononi mwangu, mikono isiyojua kutulia. Tena vioo vyake vya mbele vilikuwa vipana, na chungu cha mdomo mpana hukinga mvua nyingi. Nikaielekeza kwenye kilimia. Zile sita zikawa kumi, kumi zikawa thelathini, nikapotewa na hesabu, nikaanza upya, nikapotewa tena. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Mwenye duka alitaka baiskeli. Nikampa, pamoja na pampu yake, nikarudi nyumbani kwa miguu, nusu natembea, nusu nakimbia.

Jioni ya pili nilimketisha baba uani, viwiko vyake juu ya kinu kilichofudikizwa, nikamwelekezea darubini na kumfundisha kuzungusha kigurudumu cha katikati. Akakizungusha mbele na nyuma. Mimi nikawa nazunguka kinu, hadi mama akanikemea nisimame mahali pamoja.

"Unakiona, baba?"

"Nakiona."

"Vizuri?"

"Vizuri sana, mwanangu. Zote sita zipo."

Miguu yangu ikasimama yenyewe. Ndani ya vioo vile hapakuwa na nyota sita. Mwenye macho angepiga kelele kwa wingi wake. Baba alikuwa anatazama ukungu na kuzisoma nyota zake kutoka moyoni.

"Sasa nenda," alisema, darubini ikiwa bado usoni. "Lori la Mombasa la Jumatatu lisikuache."

Sitasema kwamba sikuelewa. Nilielewa hapo hapo, na aibu yake ninayo hadi leo. Ilinipasa kumwambia, "Baba, hebu hesabu tena." Badala yake nilisema, "Ndiyo, baba, ni sita," na Jumatatu nilikuwa nimekwisha kupanda juu ya magunia kabla dereva hajaamka.