Oboth na Magurudumu ya Nyuma

Ukimtafuta Oboth hapa Busia, usiulize gereji. Uliza fundi wa mshipi, utaonyeshwa shimo lililo mkabala na meza yangu ya chai. Ananyoosha magurudumu kwa mshipi wa kuvulia samaki. Anauvuta ubavuni mwa gari, huku na huku, kisha anapima kwa rula kutoka kwenye mshipi hadi ukingo wa gurudumu. Vipimo vikikataa, anashuka shimoni kulegeza nati. Wenye mashine ya kompyuta wako upande wa Kenya, na Oboth huwahurumia, eti Mungu amewanyima macho. Ana majivuno huyo, na mimi nampenda hivyo hivyo.

Shemeji yake, Wabwire, ana Subaru ya zamani ya mbio, inayosukumwa na magurudumu yote manne, vioo vyeusi kama masufuria yangu. Tangu ilipotumbukia kwenye shimo la barabara ya Tororo, nyuma ilikuwa ikivuta kulia na kula matairi upande wa ndani. Kila mama yake alipoomba apelekwe Nagongera kumwona dada yake, Wabwire alijibu kwamba gari ni gonjwa. Kwa kwenda disko Malaba, lilikuwa zima kabisa.

"Shemeji, leo ni mwisho," Wabwire alimwambia mbele ya mtaa mzima. "Gari ikikataa kunyooka, mimi navuka na yeye kwa mashine."

"Utavuka na yeye kununua sukari," Oboth akamjibu.

Alijibu kwa kiburi, lakini niliona shingo yake imeloa jasho. Fundi anayekimbiwa na shemeji yake mwenyewe atapata mteja gani tena?

Oboth akaenda sokoni kutafuta mshipi mpya. Wabwire akaliweka gari juu ya shimo, akamwacha mama yake mezani kwangu, akapotelea kwenye mpira. Mama Florence ni mtu wa mwili wa heshima. Binti yake ndiye mke wa Oboth, na kwetu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama wa mkewe. Wakionana njiani, mmoja huingia migombani. Sasa hapa mjini migomba iko wapi? Mama alipomwona mkwewe akitokea kwenye kona, aliacha chai, akafungua mlango uliokuwa karibu, akajitupa ndani ya Subaru.

Ningeweza kusema. Lakini mandazi yalikuwa yameisha, wateja hakuna, na burudani ya bure haiji kila siku.

Oboth akavuta mshipi wake, akapima, akashuka shimoni, akazungusha bolti, akakaza. Akapanda, akapima tena. Vipimo vimehama. Mama alikuwa amesogea kushoto kuchungulia kama njia ni nyeupe. Oboth akashuka tena. Mama akasogea kulia, chuma kikalia, vipimo vikahama kwa upande mwingine. Oboth akaikagua rula yake kama vile imemtukana. Mimi nilikuwa nimejifunika mdomo kwa leso.

"Hii gari ni kama mama ya bibi yangu," akanung'unika kutoka shimoni. "Unaambia yeye enda huku, yeye nakwenda kule."

Kioo cha nyuma kikashuka kidogo.

"Akello," sauti ikaniita kwa upole, "mwambie huyo mtu wa shimoni kwamba mimi naenda ninakotaka."

Spana ikaanguka. Mama hawezi kushuka, kwani mlango unafungukia kwenye mdomo wa shimo alimo mkwewe. Oboth hawezi kupanda.

"Oboth, Mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie anisamehe sana."

"Mama, anaomba msamaha."

"Mwambie nitafikiria."

Nilidhani atakufa kwa aibu mle shimoni. Lakini fundi ni fundi. Akaiokota spana, akauliza, "Akello, uliza Mama akipanda gari anaketi wapi."

"Nyuma ya dereva," Mama akajibu, kabla sijauliza.

"Mwambie akae hapo hapo, asijitikise."

Akatoka upande wa pili, kofia ameishusha hadi puani, akapima huku amegeuza uso. Mama akatulia kama yuko kanisani. Oboth akashuka, akazungusha bolti, akapanda, akapima, safari hii akatabasamu.

Wabwire aliporudi alilikimbiza gari hadi njia ya Sikuda, mama yake akiwa nyuma. Aliachia usukani na gari halikuyumba. "Nimekubali, Shemeji," akasema, na mtaa mzima ukamsikia.

Kesho yake akarudi peke yake, amekunja uso. Linavuta tena. Oboth akamtuma akamlete mama yake. Mama akapanda, gari likanyooka.

"Gari haina shida," Oboth akamwambia. "Imezoea Mama."

Na kuvuka kwenda kwenye mashine? Mama amekataa, anasema gari hilo lina fundi wake. Basi Wabwire amempeleka Nagongera, amempeleka sokoni, amempeleka kwenye maziko ya watu asiowajua. Ijumaa moja, nasikia, alimpeleka hata Malaba, Mama akakaa kwenye kiti cha nyuma, mkoba mapajani, hadi disko lilipokwisha.

Nilimuuliza Oboth kama kweli hawezi kulinyoosha likiwa tupu.

"Ni kazi kidogo tu," akasema, akinywa chai yangu. "Lakini mteja wangu ni nani, Akello?"

Siku ya soko Mama Florence alishuka mezani kwangu, akaligeuzia shimo mgongo, akapaza sauti akitazama barabarani. "Akello, mwambie huyo mtu kazi yake ni safi."

Nikamwambia. Alikuwa amesikia vizuri sana, lakini aliniomba nirudie.