Ubao wa Shibiri Nane

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, pale Kiwengwa, nilikuwa na ulimi mrefu kuliko akili. Nilitoka Mji Mkongwe, duka la vitambaa la baba lishanichosha, nikaapa sirudi nyuma ya ile meza. Njia ilibaki moja: nifaulu mtihani wa kufundisha kaiti, ile tiara kubwa inayomvuta mtu juu ya maji. Nikifeli, dukani.

Kilichobaki ni kuchagua ubao wa kusimamia majini. Si ule wa kwenda pande zote. Huu una mbele na nyuma, kama chombo. Kwenye kibanda cha shule, pale ufukweni, palikuwa na mbao mbili. Mmoja shibiri saba, mwepesi, foma tupu, lile povu lililogandishwa, iliyovishwa ganda la fiba, mwekundu unang'aa. Mwengine shibiri nane, umebandikwa ubao mwembamba juu yake, mzito, rangi ya chai ya maziwa. Moyo wangu, bila shaka, kwa mwekundu!

Mbao hizo zikivunjika, aliyezitengeneza ni fundi wa ngalawa kutoka Makunduchi. Kaiti hajapanda hata siku moja. Lakini wallahi, mikono ile! Hugonga ubao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akakwambia maji yameingia wapi. Hakosei. Nilimhusudu, ingawa sikuwahi kumwambia.

Asubuhi ya mtihani nikamwamkia. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hebu tembea hapo kwenye mchanga mbichi."

Nikatembea. Akachutama, akapima nyayo zangu kwa vidole: kina chake, na nafasi baina ya mguu na mguu. Yeye, alisema, hamchongei mtu chombo mpaka aone anavyokanyaga.

"Wewe mzito, na unakanyagia kisigino. Upepo leo mchache. Ule mdogo utazama nawe, na ukiruka utautoboa. Chukua shibiri nane."

Damu ikanipanda. "Fundi, wewe ulipanda lini hata unifundishe mimi?"

Watu wakacheka. Yeye akaingia kibandani. Mimi nikauchukua mwekundu, nikaenda zangu majini.

Loo! Ulizama nusu. Nikalazimisha kuruka, nikashuka, kriii! Kisigino kikaingia mpaka kwenye foma. Mwalimu aliyekuwa akinitahini akanionesha saa yake: imebaki robo saa.

Nikarudi ufukweni, uso sina pa kuuweka. Fundi amesimama kwenye maji ya magoti, kaushika ule wa shibiri nane. Moyo ukanivunjika zaidi, maana mikanda ya miguu hufungwa kwa skurubu, kila mtu na nafasi yake, na kuibadilisha tu kungemaliza muda wote. Nikatia mguu mmoja. Nikatia wa pili. Ikanikaa sawasawa.

Fundi alinipima nyayo asubuhi ile ile, na matusi yangu yalifuata papo hapo. Basi kila skurubu aliikaza nishamtukana.

"Fundi, nisamehe."

"Nenda, upepo unakwisha," akasema, akausukuma ubao.