Upepo wa Bwawa la Ndalu

Dada yangu alipohamishiwa Kitale kutoka Mombasa, alikuja na ubao wake wenye tanga, ule unaosimama juu yake upepo ukakupeleka majini. Jumapili moja tuliupeleka kwenye bwawa karibu na Ndalu. Mama alimtazama dada akianguka majini, akauliza, “Sasa raha iko wapi hapo?”

“Mwache huyu mdogo ajaribu, atakuambia,” dada alijibu.

Nilianguka hata nikanywa maji. Halafu tanga likajaa, mikono ikauma, ubao ukaondoka nami. Hapakuwa na injini wala mtu wa kusukuma. Upepo nilikuwa nimeushika mwenyewe. Nilifika ng'ambo nimesimama wima.

Niliporudi, nilimsikia mama akiwaambia majirani waliokuja kututazama, “Si mmemwona? Huyo ni msichana wangu.”