Hasira ya Mama wa Nyumba ya Mayatima

Mtu akinionea huruma kwa sababu nililelewa nyumba ya mayatima, mimi humwambia: koma! Mimi sikuokotwa. Niligombaniwa mchana kweupe, na aliyenigombania alishinda.

Ilikuwa miaka ya hamsini, chini ya mlima Sagalla, katika nyumba ya mayatima ya kanisa. Aliyetutunza alikuwa mjane wa Kidawida, nasi tulimwita Mama. Alikuwa mkali, na maombi yake marefu mpaka uji unapoa. "Mungu hana mtoto wa kambo," alikuwa akisema, huku akimfunika huyu na kumpangusa kamasi yule.

Mwaka huo jua liliwaka kwelikweli, na maji tuliyateka mbali. Asubuhi moja nikajikwaa mlangoni, debe langu lote likamwagika. Lo! Mama alinifokea mpaka kuku wakakimbia. Nami nikanuna, maana nilikuwa na kiburi changu.

Kabla hajatulia, akaingia mjomba wangu, kaka wa marehemu mama yangu mzazi, ambaye tangu mazishi sikumwona hata kivuli. Alikuwa na kamba ya mbuzi mkononi. Alitaka nikamchungie mbuzi wake. Shule, alisema, haimfai msichana.

"Siendi," nikasema.

Mzee wa kanisa aliyekuwapo akanikemea. Mjomba ni damu, akasema, hatuwezi kumzuia. Mjomba mwenyewe akacheka tu.

"Haya, baki. Lakini utabaki na hasira yangu. Siku ukiugua, nani atakutasia?"

Kwetu Wadawida, hasira ya mzazi ikikaa moyoni humfanya mtoto augue, mpaka mzazi huyo atase: apige funda la kinywaji, alipulize nje, atamke kwamba moyo wake ni mweupe. Hasira ya mtu baki haidhuru kitu. Na mimi sikuwa na mzazi mwingine ila huyo.

Mama aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maji aliyojiwekea ya jioni. Akapiga funda, akalipuliza puu! Matone yakanirukia usoni.

"Tangu asubuhi nimemkasirikia mtoto huyu," akasema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Amemwaga maji yangu. Kama hasira yangu inamdhuru, na itoke. Yesu ni shahidi. Alale, akue, asome!"

"Huo ni ushenzi!" mzee wa kanisa akaruka.

"Nimeomba, mzee. Kama ni dhambi nifukuzeni, lakini huyu nitaondoka naye."

Mzee akarudi nyuma. Mjomba naye hakuwa akicheka tena. Alijua vizuri kuliko sote kwamba hakuna anayemtasia mtoto wa mwenziwe.

"Wewe ni nani wake?" akauliza polepole.

"Si umesikia? Mimi ndiye niliyekasirika."

Mjomba akaikunja kamba yake, akashika njia. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, maji yakinichuruzika shingoni, nataka kucheka na kulia kwa pamoja. Mama akanigeukia, macho makali vilevile.

"Na wewe unatazama nini? Chukua debe! Maji hayaji yenyewe."

Nikalichukua mbio. Nilikuwa na wangu wa kunikasirikia, na tangu siku hiyo sijamwogopa mtu.