Mama Aliyenihesabu Marehemu

Mama yangu anaitwa Salu. Alizaliwa Migato, akaolewa Migato, na kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa mtu wa kuulizwa kabla ya posa. Kijana akimpenda binti, wazee wa pande zote mbili walikuja kwanza kwake, wakakaa, wakataja majina ya babu na bibi. Mama aliendelea kuchambua pamba yake, nyeupe huku, fifi yenye madoa kule, na bila kuinua macho akasema, "Hawa ni ndugu. Bibi wa kijana na babu wa binti walinyonya ziwa moja." Posa ikafia hapo. Darasani hakuwahi kuingia hata siku moja, na sikumbuki mtu aliyewahi kumkosoa.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Machi, mwaka jana, nilidhani sikusikia vizuri.

Mwanangu Dastan na mkewe Gloria walikuwa wamepata mtoto wa kiume, na nyumbani kwetu jina hutolewa na bibi mzee wa ukoo. Humtaja mmoja wa waliotangulia, mtoto akalibeba jina lake. Dada yangu Elizabeth alikuja kutoka Lalago alikoolewa. Mama akampakata mtoto, akamtazama kwa muda.

"Huyu ni Masele," alisema. "Masele wangu aliyekufa. Amerudi."

Masele ni mimi. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye kigoda chake, nimeshika sinia la nyama.

Gloria alicheka kidogo akidhani ni utani, kisha akaniona uso, akaacha. Elizabeth akachuchumaa mbele ya mama.

"Mayu, Masele si huyu hapa?"

Mama akanitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni wa mkutano wa kijiji. "Mwangaluka, baba. Umetoka wapi?"

Nikaitikia salamu. Sinia nikaliweka chini.

Jioni hiyo Elizabeth aliniita pembeni ya zizi. "Wazee wengine wanasahau fimbo, kaka. Huyu anazika watu walio hai. Namchukua Lalago, nyumba yake tuifunge."

"Ukimtoa hapa hatamjua mtu yeyote."

"Kwani hapa anamjua nani? Wewe marehemu?"

Nilimwomba anipe mwezi mmoja, nimpeleke mama hospitali kwanza. Akakubali, akaondoka na kanga mbili za mama, kama mtu aliyekwishaanza kuhamisha mizigo.

Bariadi tulipokewa na daktari kijana anayeitwa Muzdalifa, mtoto wa wafanyabiashara wa pale mjini. Alimpima mama presha, akachukua damu, akamwuliza mambo mengi kwa sauti ya taratibu. Halafu akanitaka nimwonyeshe dawa zote anazomeza. Nilikuwa nimezibeba kwenye mfuko. Akazimwaga mezani.

"Hizi za presha ni sawa, asiziache. Na hivi vya njano?"

"Vya mafua. Vinamsaidia kulala. Alikuwa anakesha."

"Nani alimwandikia?"

"Hakuna. Nanunua mwenyewe duka la dawa."

"Vingapi kwa siku?"

"Viwili jioni. Akihangaika, vitatu."

"Tangu lini?"

Nina daftari la nyumbani ambamo naandika mvua, ng'ombe waliozaa na wagonjwa. Nikalifungua ili nisiseme uongo. Tarehe tisa Septemba nilikuwa nimeandika: mama ameanza vidonge vya usingizi. Chini yake, ukurasa uleule, tarehe mbili Oktoba: mama ametia chumvi mara mbili. Tarehe ishirini: amepotea njia ya kisimani. Novemba: amechanganya fifi na pamba nyeupe, tumemkataza kuchambua. Niliyaandika yote kwa mkono wangu, na sikuwahi kuyasoma kwa pamoja.

Nikamsogezea daktari daftari. Alisoma, akalifunga polepole.

"Baba, kwa mzee dawa hii inakawia kutoka mwilini, na inauvuruga ubongo. Siwezi kusema ndiyo sababu pekee. Acheni kumpa, nimwone baada ya wiki tatu. Na mrudishieni kazi zake. Atembee, watu waje wazungumze naye. Mmemnyang'anya kazi mkampa usingizi, sasa ubongo ufanye nini?"

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Hakulala, na alitutukana kwa Kisukuma ambacho Gloria hakuwahi kukisikia. Nikamletea gunia la pamba iliyobaki ghalani, akachambua vibaya, tukamwacha aendelee. Siku ya kumi na moja nilikuwa nikipalilia karibu na nyumba.

"Masele," aliita kutoka barazani. "Palizi gani hiyo? Unapalilia au unayabembeleza magugu?"

Niliketi palepale kati ya mistari.

Hakurudi mzima. Daktari alituambia wazi kwamba uzee nao una sehemu yake, na mpaka leo mama anaweza kuuliza jambo moja mara tatu. Lakini Elizabeth alipokuja, mama alimdai kanga zake mbili. Habari za Lalago zikaishia hapo.

Usiku huo sikuwa na amani, kesho yake nikamweleza mama kila kitu: vidonge, daftari, mkono wangu. Nilitegemea anilaumu. Alichambua pamba, kisha akauliza, "Na wengine?"

"Wengine gani, mayu?"

"Ng'wanone, mwanangu, wewe ukipata kitu kizuri hukai nacho. Umewaambia akina nani kwamba dawa hizo zinalaza?"

Nikakumbuka. Januari, tukitoka kanisani, nilimwelekeza Nyanda, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, kwa ajili ya baba yake, mzee Mayige. Nilimwandikia hata jina la dawa kwenye karatasi.

Nikachukua baiskeli. Nyanda alinipokea uwanjani kwa mikono miwili.

"Kaka Masele, zile dawa zimetuokoa. Mzee analala kama mtoto. Ila siku hizi akili zimemruka kabisa, anatoka anapotea, ndiyo maana unaona hivi."

Nyuma yake, mlango wa chumba cha mzee ulikuwa umefungwa kwa kufuli kutoka nje. Ndani mtu alikuwa akigonga, polepole, bila kuita.

"Nyanda," nilisema, "fungua kwanza. Halafu nitakueleza nilichokufanyia."